Barabara ya gari la zimamoto na maji ya kuzimia moto: uchague nini kabla viwanja havijagawanywa

Kazi yangu ni kupitia michoro ya miradi mipya ya nyumba, na mara nyingi ramani hunifikia mambo yakiwa yameshakwisha. Viwanja vimegawanywa, barabara ya ndani imebanwa ikawa mita nne ili kipatikane kiwanja kimoja cha ziada, na pembeni kuna kiduara chekundu kimeandikwa "haidranti", yaani mdomo wa bomba la maji ambapo zimamoto huunganisha mipira yao. Hapo ndipo ninapoulizwa: zimamoto wataweza kuingia? Maji yatatosha? Kwa wakati huo kila jibu linamaanisha kubomoa kitu.

Ndiyo maana nimeona niyaweke machaguo haya kando kwa kando, kwa mtu ambaye bado ana karatasi nyeupe. Nitatumia mradi mmoja wa mfano: nyumba 40 za ghorofa moja au mbili, kwenye eneo jembamba lenye upana wa mita 100 na urefu wa mita 350. Upande mmoja mfupi unagusa barabara ya umma, na kando ya barabara hiyo limepita bomba la maji la milimita 100. Ni eneo la kawaida kabisa.

Jambo la kwanza kulielewa ni kwamba barabara na maji ni swali moja. Gari la kawaida la zimamoto hubeba maji ya lita 1,800 hivi, mengine hufika lita 3,800. Mpira mmoja wa kuzimia moto hutoa takriban lita 500 kwa dakika. Askari wakifungua mipira miwili, tangi la gari linakauka ndani ya dakika mbili hadi nne. Baada ya hapo kazi yote inategemea maji yaliyopo pale mtaani, na kama gari la pili litapata pa kupita.

Mlango mmoja au miwili

Kanuni ya Kimataifa ya Moto, inayotumika sana Marekani, inaweka mpaka kwenye nyumba 30 katika kiambatisho chake cha barabara. Zikizidi hapo, mradi unatakiwa kuwa na njia mbili tofauti za kuingilia, isipokuwa kama nyumba zote zina vinyunyizio, yaani vichwa vya maji vya darini vinavyojifungua vyenyewe moto ukiwaka. Njia hizo mbili ziachane kwa umbali usiopungua nusu ya mstari wa mshazari wa eneo zima.

Tulipime hilo kwenye mradi wetu. Mshazari wa mita 100 kwa 350 ni mita 364, nusu yake ni 182. Upande wa mbele una mita 100 tu. Maana yake ni kwamba mageti mawili ya mbele, hata ukiyaweka kila moja kwenye kona yake, hayahesabiki kuwa njia mbili. Njia ya pili lazima itokee nyuma au ubavuni, na kwa kawaida hiyo ni ardhi ya jirani. Haki ya kupita kwa jirani huombwa kabla hujauza kiwanja cha kwanza. Ukichelewa, jirani naye atakuwa amejenga ukuta.

Je, njia ya pili ina umuhimu huo kweli? Mwaka 1991 moto wa vilima vya Oakland, California, uliua watu 25. Barabara za milimani zilikuwa nyembamba na zenye kona, na magari ya wakazi waliokuwa wakikimbia yakakutana na ya zimamoto yaliyokuwa yakipanda. Njia moja huzibwa na gari moja tu lililokufa injini. Kwa hiyo hata pale kanuni inaposamehe njia ya pili kwa sababu ya vinyunyizio, mimi sisamehi kwa mradi mrefu kama huu. Vinyunyizio hulinda chumba. Mtu anayetoroka moshi unaotoka kwenye nyasi za jirani bado anahitaji pa kutokea.

Njia ya pili inaweza kuwa ya dharura tu, yenye geti linalofungwa. Sina ubishi na hilo, ila hapa ndipo nimeona makosa mengi. Mradi mmoja niliourudia miaka michache baada ya kukamilika, njia ya dharura ilikuwa imejengwa kwa matofali yenye matundu ili nyasi ziote na papendeze. Nyasi ziliota kweli. Wakazi wakaona ni bustani, wakapanda maua, wakazungusha mawe yaliyopakwa chokaa, na mtu mwenye nia njema akaweka benchi la zege katikati. Geti lilikuwapo na kufuli lilikuwa linafunguka, lakini gari lisingepita. Basi ukichagua njia ya dharura, iwe na kingo zinazoonekana, kibao kikubwa, na mtu mwenye wajibu wa kuikagua. Geti liwe la kufuli au mnyororo unaokatika kwa mkasi wa zimamoto, si nguzo za zege.

Upana, kona na mwisho wa barabara

Hivi hapa ni vipimo vya kuanzia kutoka kwenye miongozo miwili inayonukuliwa sana. Zimamoto wa eneo lako ndio wenye neno la mwisho, kwa kuwa wao ndio wanaojua magari yao.

| Kipimo | Mwongozo wa Uingereza | Kanuni ya Kimataifa ya Moto |
|---|---|---|
| Upana wa barabara | mita 3.7 | mita 6.1 (7.9 penye haidranti) |
| Nafasi ya juu isiyozibwa | mita 3.7 | mita 4.1 |
| Barabara butu (isiyotokea upande wa pili) bila pa kugeuzia | hadi mita 20 | hadi mita 46 |
| Uzito wa gari unaobebwa | tani 12.5 | tani 34 |
| Umbali kutoka gari hadi nyumba | mita 45 | mita 46 hivi |

Mstari wa mwisho unastahili kutazamwa. Nchi hizi mbili zinatofautiana karibu kila mahali, lakini kwenye umbali wa kuvuta mpira zinakutana. Askari ana urefu fulani wa mpira begani, na hesabu hiyo haibadiliki kwa kuvuka bahari. Upimaji wenyewe hutofautiana kidogo: Uingereza wanahesabu hadi kila kona ndani ya nyumba, wenzao wanahesabu kuzunguka kuta za nje za ghorofa ya chini. Njia zote mbili hufuata njia ambayo mpira utapita kweli. Mita 30 kwenye ramani zinageuka 60 kwenye eneo lenyewe ukiwekwa ukuta wa kutenganisha nyumba.

Kuhusu upana, mita 3.7 zinatosha kupitisha gari, na mwendelezaji akisikia hivyo anafurahi. Lakini fikiria kinachotokea gari likishasimama. Milango inafunguliwa, ngazi inashushwa, mipira inalazwa chini kando ya magurudumu. Gari la pili linalokuja na maji linabaki nyuma. Mita 6.1 ni kwa ajili ya hilo gari la pili. Kwa mradi wetu ningeweka mita 6 kwenye barabara kuu ya ndani bila kurudi nyuma, na kutanua penye kila haidranti. Vichochoro vifupi vinavyohudumia nyumba tatu au nne vinaweza kubaki na 3.7, mradi visizidi mita 20.

Mwisho wa barabara una machaguo matatu: umbo la T, duara, au barabara inayozunguka na kurudi ilikoanzia. T inakula ardhi kidogo, na kwenye karatasi gari linageuka vizuri. Kwenye eneo lenyewe, mkono mmoja wa T unakuwa maegesho ya wageni kabla ya mwaka kuisha. Duara huheshimiwa zaidi, ila linataka nafasi: kwa gari la pampu Uingereza wanahesabu kipenyo cha mita 16.8 kati ya kingo, wakati kiambatisho cha Kanuni ya Kimataifa kinataka mita 29. Kama eneo lina upana wa mita 100 kama letu, mzunguko kamili unaingia, na mimi naupendelea kwa sababu moja ambayo haina uhusiano na magari: bomba la maji linaweza kuufuata na kujifunga pete. Nitalirudia hilo.

Gari la ngazi ndefu ni habari nyingine. Likihitajika, na Kanuni ya Kimataifa inalitaka jengo likizidi mita 9.1 kwenda juu, barabara inapanuka hadi mita 7.9 na inakaa kati ya mita 4.6 na 9.1 kutoka ukutani, bila nyaya za umeme wala miti juu yake. Nyumba zetu 40 hazifiki huko. Kama kuna mpango wa kuongeza jengo refu baadaye, ukanda huo uachwe tangu sasa.

Maji: vyanzo vinne

*Haidranti kwenye bomba la umma* ndilo chaguo ambalo kila mtu analiwazia kwanza, na linapofanya kazi hakuna linaloshindana nalo. Maji yapo tayari, yana presha, hayaishi. Tatizo ni kwamba haidranti ni mdomo tu. Nguvu yake ni ya bomba lililo nyuma yake.

Njia pekee ya kujua ni kupima. Unafunga geji kwenye haidranti moja, unafungua ya pili inayofuata, unasoma. Siku moja tulipima bomba la milimita 100 lililoishia mtaani bila kuunganishwa kokote. Sindano ilisimama kwenye bari 4.5 (bari ni kipimo cha presha), mwenye mradi akatabasamu. Tukafungua haidranti ya pili. Maji yakaruka kwa sekunde chache kisha yakalegea, na sindano ikashuka taratibu, ikapita 3, ikapita 2, ikatulia chini kidogo ya bari 1. Yaliyotoka yalikuwa lita kama 600 kwa dakika. Mpira mmoja na kidogo. Kipimo kinachokubalika Marekani ni kwamba presha isishuke chini ya bari 1.4 maji yakiwa yanatoka, kwa sababu chini ya hapo bomba linakaribia kufyonza, na likifyonza linaweza kuvuta uchafu kuingia kwenye maji ya kunywa. Kwa hiyo hata zile lita 600 hazikuwa halali zote.

Presha ya maji yaliyotulia haikuambii chochote. Narudia hili kwa kila anayeniletea barua ya mamlaka ya maji yenye namba moja tu ya bari. Omba namba tatu: presha ya utulivu, presha wakati wa kutoka, na lita kwa dakika. Na upimaji ufanyike saa ambayo mtaa mzima unatumia maji, si alfajiri.

Bomba linaweza kurekebishwa. Kwa upotevu uleule wa presha, bomba la milimita 150 hupitisha karibu mara tatu ya lile la 100. Na ukilifunga pete, yaani lizunguke mradi na kulishwa kutoka pande mbili, kila haidranti inapokea maji kutoka kushoto na kulia, na sehemu moja ikipasuka unafunga valvu mbili huku nyingine zikiendelea. Ndiyo sababu naipenda barabara ya mzunguko. Ila pete nzuri iliyounganishwa kwenye bomba dhaifu la mtaani bado inalishwa na bomba dhaifu. Na pale maji ya umma yanapotoka kwa zamu, haidranti peke yake haifai kuhesabiwa.

*Tangi la mradi* ndilo jibu la hali hiyo. Ukubwa gani? Mwongozo wa Uingereza, pasipo na bomba la kutosha, unakubali tangi la lita 45,000. Kwa lita 1,500 kwa dakika hiyo ni nusu saa. Kanuni ya Kimataifa, kwa nyumba ya kawaida isiyo na vinyunyizio, inataka lita 3,785 kwa dakika kwa saa nzima, yaani lita 227,000. Tofauti ni mara tano. Mwongozo wa kwanza unatoa kiwango cha chini cha kuanzia kazi huku maji mengine yakiletwa. Wa pili unadai kumaliza kazi bila kusubiri mtu. Basi swali la kujiuliza ni: maji mengine yatatoka wapi, na baada ya muda gani? Kama huna jibu, usichague lita 45,000.

Kwa macho, lita 200,000 ni shimo la mita 10 kwa 8 lenye kina cha mita 2.5. Si dogo, lakini linaingia chini ya uwanja wa watoto au maegesho. Kama eneo lina mwinuko, liweke juu, kwa kuwa kila mita 10 za kimo ni karibu bari 1 ya bure isiyotegemea umeme.

Waendelezaji wengi huomba tangi hilohilo lihudumie nyumba pia. Nakubali, na hata napendelea, maana maji yanazunguka hayachachi. Sharti langu ni moja: bomba la matumizi ya nyumbani litoboe tangi juu, kwenye kimo cha akiba, na bomba la zimamoto litoboe chini. Maji yakishuka hadi kwenye akiba, mabomba ya nyumbani yanakauka yenyewe na akiba inabaki. Wapo wanaotaka kutenganisha kwa valvu na maelekezo ukutani. Valvu hiyo itafunguliwa kwenye wiki ya kwanza ya ukame, na atakayeifungua ana watoto wasio na maji ya kuoga. Usimweke mtu kwenye uamuzi huo. Tumia kimo cha bomba.

*Bwawa au mto wenye bomba la kufyonzea* ni chaguo zuri pale maji yapo jirani, lakini lina mipaka ya maumbile. Pampu haivuti maji, hewa ndiyo inayoyasukuma. Usawa wa bahari hewa inaweza kuyainua mita 10.3 kwa nadharia, na kwa kazi halisi hesabu 7 au pungufu. Kwenye mwinuko wa mita 1,500 unapoteza karibu mita 1.7 nyingine. Sasa pima kimo hicho kutoka uso wa maji mwishoni mwa kiangazi, si baada ya mvua. Ongeza tope linaloziba chujio, na ongeza sehemu ngumu ya kuegesha gari la tani nyingi kandokando ya maji bila kuzama. Nalichukua kama chanzo cha pili.

*Maboza* ndiyo ahadi ninayoisikia zaidi: "wataleta maji." Tuhesabu. Boza la lita 10,000, dakika 10 za kwenda na kurudi, 5 za kujaza, 5 za kumwaga. Ni dakika 20 kwa safari, yaani lita 500 kwa dakika. Boza moja ni mpira mmoja. Ukitaka mitatu unahitaji maboza matatu, barabara ya kupishana, na mahali pa kujaza ambapo penyewe pana maji ya kasi. Maboza huongeza muda wa tangi. Hayawezi kuchukua nafasi yake.

Vinyunyizio vinabadilisha hesabu kiasi gani

Sana. Kichwa kimoja cha kinyunyizio cha nyumbani hutoa lita 50 hadi 70 kwa dakika, juu ya moto wenyewe, ukiwa bado mchanga. Kwa nyumba za ukubwa wa kawaida zenye vinyunyizio, Kanuni ya Kimataifa inashusha mahitaji hadi lita 1,893 kwa dakika kwa nusu saa. Lita 227,000 zinakuwa 57,000, robo tu.

Lakini vinataka mtu wa kuvitunza. Pampu iwashwe na kujaribiwa mara kwa mara, valvu zibaki wazi, fundi wa dari asipake rangi juu ya vichwa. Mradi wenye mmiliki mmoja anayepangisha unaweza hayo, na hapo nachagua vinyunyizio na tangi dogo bila kusita. Nyumba 40 zenye wamiliki 40, kila mmoja na fundi wake, nachagua tangi kubwa. Tangi moja ni rahisi kukagua kuliko dari 40.

Ninachochagua kwa mradi huu

Barabara ya mzunguko ya mita 6, njia ya dharura nyuma kwa makubaliano yaliyosajiliwa na jirani, pete ya milimita 150, na tangi upande wa juu. Bomba la umma lililopimwa na kutoa lita 600 halali kwa dakika lingechangia lita 36,000 kwa saa, kwa hiyo akiba ingekuwa kama lita 190,000. Kama vipimo vya bomba haviaminiki, hesabu mchango wake kuwa sifuri. Akiba ya tangi na maji ya bomba ni vyanzo viwili vinavyoharibika kwa sababu tofauti, na hilo ndilo ninalolitafuta. San Francisco mwaka 1906 tetemeko lilivunja mabomba na mji ukaungua kwa siku kadhaa. Baadaye walijenga mtandao wa pekee wa zimamoto na matangi chini ya barabara.

Kuna kitu kidogo ambacho hakimo kwenye ramani yoyote: kiunganishi cha mpira. Februari 1904 Baltimore iliungua, miji jirani ikatuma magari, na mipira yao mingi haikuingia kwenye haidranti za Baltimore. Katika Oakland ya 1991 vilevile, haidranti za mji zilikuwa na ukubwa tofauti na wa wasaidizi. Kabla hujaagiza haidranti au mdomo wa tangi, nenda kituo cha zimamoto na kiunganishi mkononi, ukifunge kwenye mpira wao. Hapohapo uliza uzito wa gari lao zito zaidi na urefu wake kutoka bampa hadi bampa.

Na mpangilio wa ujenzi uandikwe kwenye mkataba. Nyumba huwa hatarini zaidi zikiwa nusu: mbao ziko wazi, mitungi ya gesi imezagaa, milango haijafungwa. Kanuni nyingi zinataka maji na njia viwepo mara vifaa vinavyowaka vinapoanza kufika, na miradi mingi hufanya kinyume, tangi likiwa la mwisho kwa sababu halimuuzii mtu nyumba. Barabara ishindiliwe hadi tabaka la kokoto, tangi lijazwe, haidranti mbili za kwanza zipimwe mbele ya zimamoto. Baada ya hapo lori la mbao liingie.